UZI: Ukiwapeleka watoto kwenye magofu na makumbusho, mchukue na nyanya yao

Ummu Kisauni (mleta uzi)

Assalam aleykum, hamjambo nyote.

Shule zimefungwa na swali limerudi: hapa Mombasa watoto tuwapeleke wapi, mbali na bustani ya Mama Ngina na ufuoni? Naweka langu mapema na niko tayari kulitetea. Asubuhi wapelekeni kwenye magofu ya Jumba la Mtwana, mkirudi mpitie kituo cha mafundi cha Bombolulu. Zote mbili ziko barabara moja, hii ya Malindi, kwa hivyo hamtahangaika na safari. Na mkienda, mchukueni mzee wa nyumbani. Hili la mzee ndilo lililonifanya nifungue uzi.

Sisi tulikwenda na mama mkwe. Amezaliwa Kibokoni, Mji wa Kale, kwenye nyumba ya mawe yenye dari ya boriti, na mpaka leo ukimuuliza habari za nyumba ile anakuonyesha kwa mkono mlango ulikuwa upande gani na mtungi ulikaa wapi.

Kwa wasiopajua, Jumba la Mtwana ni mji wa Waswahili uliohamwa. Ukishavuka daraja la Mtwapa unaendelea kidogo, kisha unaingia kulia kuelekea baharini. Ulijengwa karne ya 14 na watu wakauacha mapema karne ya 15. Maanake walishaondoka kabla Vasco da Gama hajaonekana pwani hii mwaka 1498, na zaidi ya miaka 150 kabla ya Mreno kuanza kujenga ngome ya Fort Jesus. Hakuna kitabu kilichoachwa kuhusu mji wenyewe. Tarehe hizi zimetoka kwenye vigae vya vyombo vilivyochimbuliwa, kazi aliyoifanya James Kirkman mwaka 1972. Leo utakuta magofu ya misikiti mitatu, kaburi, na nyumba nne ambazo bado zinatambulika, chini ya mibuyu mikubwa, bahari iko hapo hapo.

Tulipoingia nyumba ya kwanza watoto walikuwa washaanza kuniuliza tunakula saa ngapi. Mama mkwe akamwita mkubwa, akamwambia apime chumba kwa hatua, upana kisha urefu. Chumba ni chembamba na kirefu. Akawauliza: huyu mwenye nyumba alikuwa na uwezo wa kula kwenye vyombo vilivyotoka China, kwa nini hakujijengea chumba kipana? Wakabahatisha, mmoja akasema mawe yalimwishia, mwengine akasema alikuwa hapendi wageni. Akawaambia watazame juu ya ukuta. Dari haipo tena, lakini ilikuwa imekaa juu ya boriti za mikoko, na boriti ya mkoko haistahimili kuvushwa mbali. Ikizidi mita tatu hivi inaanza kupinda kwa uzito wa mawe na chokaa yaliyo juu yake. Mti ndio uliokuwa ukiamua upana wa chumba. Kisha akawaambia, hata chumba nilichozaliwa mimi kilikuwa hivi hivi.

Hapo ndipo siku ilipogeuka. Wakaanza kumkimbiza nyanya yao kutoka gofu hadi gofu. Hapa walipika wapi? Hii shimo ni nini, Nyanya? Akawaonyesha choo, akawaonyesha kisima, akawaonyesha mahali pa kutawadhia kwenye msikiti ulio karibu na maji. Walipouliza kwa nini watu walijenga pale na si kwingine, mwongozaji wa pale akaungana naye, wakasaidiana: maji matamu yalikuwepo, pepo za kusi na kaskazi zilipapiga vizuri, na hakuna bandari, kwa hivyo chombo kikubwa cha adui kingelazimika kutia nanga mbali. Mwanangu mdogo wa darasa la pili aliyaeleza haya yote tena kwa baba yake jioni, na hakuna aliyemwamrisha kukariri.

Kwenye kaburi wakanyamaza wenyewe. Kuna aya iliyochongwa pale, kwamba kila nafsi itaonja mauti. Mama mkwe akaisoma, akawaombea waliolala pale. Sikuona haja ya kuongeza neno.

Bombolulu nitaeleza chini, nimeandika sana. Wengine mnawapeleka wapi watoto wenu?

PwaniNje

Dada Ummu, umenitia hamu ya nyumbani. Mimi ni mtoto wa Majengo lakini naishi Sweden. Huku Stockholm kuna mahali panaitwa Skansen, makumbusho ya wazi yaliyoanzishwa mwaka 1891 na Artur Hazelius. Yeye aliona viwanda vinakuja na maisha ya vijijini yanapotea, akaanza kununua nyumba za zamani kutoka pande zote za nchi, akazihamisha na kuzisimamisha upya kwenye kilima kimoja. Sasa ni majengo 150 hivi. Ndani yake kuna watu wamevaa nguo za zama zile, mwoka mikate anaoka kweli na unanunua, mpuliza vioo anapuliza vioo mbele yako, mbuzi na ng'ombe wa mbegu za zamani wanafugwa. Wanangu hawataki kutoka.

Kila nikienda nawaza Fort Jesus. Ule uwanja wa ndani ulivyo mpana! Weka pale fundi wa milango anayechonga nakshi, weka mama anayeshona kofia, weka anayesuka mkeka wa ukindu, na jiko la mkaa linalotoa vibibi. Mtoto apewe mchi atwange. Mambo ya nyuma ya kioo mtoto anayasahau kabla hajafika langoni, lakini alichokishika kwa mkono wake atakuwa nacho.

Ummu Kisauni

Kaka PwaniNje, hilo ndilo tulilolipata Bombolulu. Kituo kile kilianzishwa mwaka 1969, kiko chini ya APDK, chama cha watu wenye ulemavu wa viungo Kenya, na wanaofanya kazi pale ni watu wenye ulemavu wa viungo. Wanatengeneza vipuli na shanga, vinyago, mikoba ya ngozi, nguo. Unatembezwa karakana kwa karakana. Mwanangu wa kati alisimama mbele ya fundi mmoja wa vipuli mpaka nikaona haya, nikamwomba fundi msamaha. Fundi akasema mwache, akampa kipande cha waya akunje mwenyewe. Kile kipande kimelala kwenye mkoba wa shule mpaka leo.

Na nataka niliseme hili wazi kwa sababu lina uzito kwangu: watoto walikwenda wakiwa na fikra kwamba mlemavu ni mtu wa kusaidiwa. Walitoka wakimzungumza yule kama fundi. Sikuwahutubia.

Halafu upande wa pili kuna boma za jamii mbalimbali za Kenya, nyumba zimejengwa kila moja kwa mtindo wa kwao. Huko mama mkwe alikuwa mgeni kama sisi, na nilidhani atachoka akae kivulini. Wapi! Ndiye aliyeuliza maswali mazuri zaidi. Moshi unatokea wapi? Mbuzi wanalala na watu au kando? Anayejenga ni mke au mume? Mtu aliyewahi kuishi na kuni, maji ya kisima na paa la makuti anajua la kuuliza kwenye nyumba ya mtu mwengine aliyeishi hivyo.

Jaduong Changamwe

Maswali ya mama mkwe wako kuhusu boma yamenifurahisha, kwa sababu kwetu Wajaluo boma lenyewe ni kitabu. Nyumba ya mke wa kwanza, mikayi, inakaa juu ikitazama lango. Wake wanaofuata wanakaa kando zake, mmoja upande huu, mwengine upande ule. Vijana wa kiume wanajenga simba zao, yaani nyumba za vijana, karibu na lango. Ukiingia tu unajua familia ni ya ukubwa gani na nani ni nani. Wanangu wamezaliwa Mombasa, dala (boma) ya babu yao wanaiona Disemba peke yake, na wakiwa pale wako kwenye simu. Nitawapeleka Bombolulu, lakini nitawaeleza mwenyewe.

Mwana wa Kaloleni

Nimesoma kwa makini, na nasema hili kwa heshima. Mimi ni Mgiriama. Hawe wangu, yaani nyanya, yuko hai, anakaa Kaloleni, anatwanga mahindi kwa kinu, anapepeta kwa lungo, anavaa hando, sketi yetu ya jadi, siku ya sherehe. Wageni wakipita wanataka picha. Mnaposema mtu awekwe uwanjani atwange ili watoto watazame, naumia kidogo. Maisha ya hawe si maonyesho.

Na sisi tuna kidonda. Vigango, zile nguzo tunazowasimamishia wazee wetu waliokufa, vimeng'olewa makaburini usiku na kuuzwa, vikaishia kwenye makumbusho ya Marekani kama sanaa ya kutundika ukutani. Makumbusho kadhaa yamevirudisha, na tunashukuru. Lakini familia iliyonyang'anywa kigango ilinyang'anywa mzee wao. Kwa hivyo mnapowapeleka watoto kutazama utamaduni, waambieni pia kwamba kuna vitu havikutengenezwa vitazamwe.

PwaniNje

Kaka, nimekusikia. Lakini yule mwoka mikate wa Skansen ni mfanyakazi, analipwa mshahara, jioni anavua zile nguo anapanda treni kwenda kwake. Hakuna anayemdhalilisha. Kwa nini fundi wetu asilipwe hivyo?

Mwana wa Kaloleni

Yule anaigiza babu wa babu yake, na nchi nzima inajua ni uigizaji, kwa kuwa hakuna anayeishi vile tena. Hawe wangu anaishi vile leo. Mtoto wa Nyali akimwona mtu anatwanga ndani ya makumbusho atadhani ni habari ya watu waliokwisha. Alipwe fundi, sawa kabisa, na alipwe vizuri. Ila aitwe fundi wa leo.

Ummu Kisauni

Mwana wa Kaloleni, umenifunza, na nadhani tunasimama upande mmoja. Ndiyo maana nang'ang'ania mzee wa nyumbani. Mama mkwe hakuwekwa pale na mtu. Alikuwa anawaeleza wajukuu zake nyumba yake mwenyewe, na angeweza kukaa kimya akitaka. Anayeeleza akiwa ndiye mwenye jambo, na anayesikiliza akiwa ni damu yake, sioni pa kudhalilishwa. Ningependa na wanangu waje kwa hawe siku moja, kwa ruhusa yake, na wasibebe simu.

Mwana wa Kaloleni

Karibuni. Mje na sukari na majani ya chai, msije mikono mitupu. Na wasichana wavae leso.

Mwalimu wa Tudor

Nina jambo la upande wa Fort Jesus, maana nimepeleka madarasa mengi pale. Wazazi wengi huingia, wanapiga picha kwenye mizinga, wanatoka. Ngome ile ilijengwa kuanzia mwaka 1593 hadi 1596 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, Mtaliana, na tangu 2011 ni urithi wa dunia. Haya yako kwenye kibao cha mlangoni na mtoto hayamshiki. Mshike kwa mambo mawili.

La kwanza, michoro ya mabaharia. Kuna plasta iliyohifadhiwa yenye picha walizochora Wareno ukutani kwa mkaa na udongo mwekundu: majahazi, watu, samaki. Kila mtoto aliyewahi kuchora ukutani na kupigiwa kelele anaielewa picha ile bila mwalimu. Mwambie kijana fulani alikuwa mbali na kwao, hana la kufanya, akachora chombo kitakachomrudisha.

La pili, kuzingirwa kwa ngome 1696 hadi 1698. Waomani waliizingira ngome karibu miaka mitatu. Ndani njaa na maradhi viliua watu wengi kuliko risasi. Meli iliyoletwa kuwaokoa, Santo António de Tanná, ilizama hapo hapo mbele ya ngome mwaka 1697, na vitu vilivyotolewa chini ya bahari mnaviona ndani ya makumbusho. Waonyesheni watoto kwanza vile vitu, kisha pandeni nao ukutani mtazame maji, waambieni ni pale. Wanaganda.

Watoto wakubwa wapeni habari ya Yusuf bin Hassan. Mtoto wa mfalme wa Mombasa, alichukuliwa Goa akalelewa na Wareno, wakambatiza Dom Jerónimo, wakamrudisha atawale. Mwaka 1631 akawageukia, akaiteka ngome. Kijana wa kidato cha tatu atabishana nawe mpaka usiku kama yule alikuwa msaliti au mkombozi, na wacha abishane.

Kuna mzazi aliwahi kuniuliza kama ni vyema kuwaeleza watoto kwamba ilikuwa jela. Ilikuwa jela tangu 1895 hadi 1958. Waelezeni. Wako wazee hapa mjini ambao baba zao walifungwa mle.

Fundi wa Chokaa

Mimi ni mtu mzima, si mwandishi, kijana wangu ananiandikia. Nimefanya kazi ya nyumba za Mji wa Kale tangu ujana. Nimefurahi kusikia mama wa Kibokoni anawaeleza watoto habari ya boriti. Niongeze kidogo.

Waambieni watoto waguse kuta pale Jumba. Jiwe la ukuta ni tumbawe la nchi kavu, gumu, lina matundu. Lakini penye mihrabu na miimo ya milango mtaona jiwe laini lililochongwa vizuri. Lile lilikatwa baharini likiwa bado bichi, linachongeka kwa tezo likiwa na maji, likikauka linakuwa gumu. Mzee wa zamani alijua jiwe lipi la kazi ipi.

Na chokaa yenyewe ni jiwe lile lile lililochomwa. Unapanga magogo duara, unayapanga juu kwa juu, mawe unayaweka juu ya kuni, unatia moto. Yanapasuka, yanakuwa meupe. Kisha unayaacha yanywe maji, uyaache yakae miezi, ndiyo chokaa inakuwa laini ya kupaka. Hakuna haraka. Sasa watu wananunua simiti, wanapaka juu ya ukuta wa zamani kwa siku moja. Ukuta wa tumbawe unapumua, unavuta unyevu na kuutoa. Ukiufunga kwa simiti maji yanabaki ndani, na chumvi inasukuma plasta mpaka inabanduka vipande. Halafu wanasema nyumba ya zamani ni mbovu. Nyumba haikuwa mbovu, imezibwa pua.

Huyo kijana wa ng'ambo anataka fundi akae Fort Jesus. Mimi nasema mafundi wako. Changamwe kuna Wakamba wachonga vinyago wa Akamba Handicraft, ushirika wa tangu 1963, wanachonga chini ya vibanda mchana kutwa na mtu anaruhusiwa kupita akatazama. Kibokoni wako washonaji. Kinachokosekana ni watoto. Zamani mtoto akitoka chuoni kusoma Kurani alasiri anapita kwa fundi, anashika msasa, anatumwa misumari. Siku hizi mlango umefungwa, mtoto yuko ndani. Mleteni.

BabaMapacha

Uzi mzuri sana huu. Sasa mambo ya safari, maana mimi sina gari na mamangu magoti yanamsumbua. Ataweza Jumba la Mtwana? Na chakula je?

Ummu Kisauni

Kaka, panda matatu ya Mtwapa, hapo chukua tuktuk mpaka langoni, si mbali. Ndani njia ni ya udongo na mizizi, si ya kiti cha magurudumu, kwa hivyo mama avae viatu vya kushika, siyo ndara. Beba kigoda au kiti cha kukunja. Mama mkwe alikaa penye kivuli cha mbuyu na watoto walikuwa wanatumwa: nendeni kwenye nyumba ile mkahesabu milango mje mniambie. Hakutembea sana na bado yeye ndiye aliyeongoza.

Nendeni mapema kabla jua halijawa kali. Malipo ya sehemu za serikali siku hizi hupitia eCitizen, mtandao wa serikali, kwa hivyo hakikisha simu ina chaji na kitambulisho unacho, mwananchi halipi sawa na mgeni. Sisi tulibeba mahamri na mbaazi za nazi kwenye chombo cha kuweka joto, maji mengi, na tukanunua madafu njiani. Takataka zetu tulirudi nazo.

Na kitu kimoja zaidi: usimpangie mama la kusema. Usimwambie "waeleze watoto historia." Ataona ni mtihani. Muulize tu kisima chao kilikuwa wapi alipokuwa mdogo, kisha ukae kando.

BabaMapacha

Barakallahu fik. Mamangu ni Mdigo wa Kwale, nyumba yao ilikuwa ya udongo na makuti, siyo ya mawe. Atakuwa na la kusema kweli?

Mwana wa Kaloleni

Atakuwa nalo sana. Nani unadhani alikuwa anawaletea watu wa nyumba za mawe nafaka, asali na pembe? Muulize mamako soko. Muulize walileta nini mjini na walirudi na nini.

Binti Mtongwe

Samahani kuingilia. Mimi wazazi wangu wote wametangulia, na nyanya pia. Nina watoto wawili wadogo na nimesoma uzi huu wote nikiwaza, mimi nimchukue nani?

Ummu Kisauni

Pole sana, dada yangu, Mungu awarehemu. Mtaani kwenu hakosi bibi anayekaa barazani peke yake mchana. Watoto wake wako kazini, wajukuu wako Nairobi. Nenda kamsalimie, mwombe muende naye. Wengi wao hawajaombwa kwenda popote kwa muda mrefu.

Fundi wa Chokaa

Binti, huyo mama wa Kisauni kasema vyema. Na ukikosa, walete hapa Mji wa Kale. Kuna nyumba tunaipiga plasta ya chokaa wiki hii na ijayo, nyuma ya soko la samaki. Njooni baada ya alasiri, jua likipungua. Wavae nguo za kuchafuka, nitawapa mwiko na kila mmoja atapaka kipande chake cha ukuta. Na hao wa BabaMapacha waje pia, ukuta ni mrefu.